Kofia Isiyokuwa na Ndani

Habari ya kifo chake ilinikuta Ukunda, nimeketi kwa kinyozi, nusu ya ndevu zimekwisha kunyolewa. Aliyeingia alitoa salamu, akavuta kibao, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua: "Yule bibi wa kofia nyeusi, wa Msambweni, amefariki alfajiri. Wanazika baada ya adhuhuri." Kinyozi alisema innalillahi, akasimamisha wembe, akanitazama kwenye kioo. Mimi nilipiga hesabu ya kipumbavu. Niliona muda upo, nikamwambia amalize, nikarudi nyumbani kubadilisha kanzu, nikakosa gari. Nilipofika makaburini udongo ulikuwa umekwisha kumwagiwa maji na watu wanakung'uta mikono. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba nimechelewa mambo mengi katika maisha yangu na kwamba sina desturi ya kuficha. Hili la juzi, lakini, limenikaa kooni. Nilikuwa na jambo lake nimelibeba tangu tukiwa vijana, na nilikuwa nikijiambia kila mwaka kwamba mwaka huu nitalimaliza.

Safu hii haitaji majina, nami sitaanza na yeye, ambaye kwa hakika alijulikana zaidi kwa kazi yake. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nimerudi Msambweni kwa bibi yangu mzaa mama, nangoja kuitwa kazi ya ukarani, na kwa kuwa vijana wa skuli wakati ule tulikuwa wachache, nilijiona mtu mkubwa kuliko nilivyokuwa. Jirani yetu alikuwa fundi wa mabuibui, mtu mpole, aliyeshona kwenye baraza ya duka la Mhindi kwa cherehani ya Mhindi. Homa ilimchukua ghafla. Cherehani ilibaki dukani ilikokuwa, na mkewe, ambaye hakunizidi sana umri, aliachiwa nyumba ya udongo iliyojengwa kwenye kiwanja cha mamake mwenyewe, vipande vya bafta nyeupe, na sanduku la mbao lililojaa vibiringo vya uzi. Uzi wote mweusi. Fundi wa mabuibui angekuwa na uzi gani mwingine?

Matanga yalipoanuliwa, shemeji yake, ndugu mkubwa wa marehemu, aliketi kwenye baraza yetu kuzungumza na bibi yangu. Alikuwa mfugaji wa upande wa Kinango, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuitia mifugo. Mjane alikuwa nyumbani kwake akikaa eda, lakini mlango wake ulitazamana na baraza yetu na kilichosemwa huku kilisikika kule.

"Eda ikiisha nitakuja kumchukua," alisema.

"Umemwuliza?" bibi alimjibu.

"Nimwulize nini, bibi? Mke wa ndugu yangu simwachi akashinda na njaa. Kwangu pana mahindi, pana mbuzi, pana mke mwenzake wa kuzungumza naye."

"Na maji je, yapo?"

Watu walicheka, kwani ukame wa Kinango ulijulikana. Yeye hakucheka. "Maji tunayo, bibi. Ila hatuyachezei."

Ndipo tukasikia sauti kutoka nyuma ya pazia la mlango wa mjane, sauti ndogo lakini haikutetemeka. "Shemeji, mimi nina kwangu."

"Najua una kwako. Hapo kwako utakula nini?"

Kuku alipita katikati ya baraza na pazia, na sote tukamtazama kuku. "Niache nimalize eda yangu," alisema mwishowe, "kisha uje uniulize swali hilo hilo." Shemeji alikubali. Nataka msomaji aelewe kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatimiza wajibu alioonyeshwa na wazee wake, na wengi wakati ule wangemwona mwanamke ndiye mkaidi. Lakini toka siku ile sote tulijua kilichowekwa kwenye mizani. Akiwa na jibu, atabaki Msambweni, mwenye mlango wake. Akikosa, atafunga vyombo na kuondoka kwenda kuwa mke wa pili kwa mtu ambaye hakumchagua.

Bibi yangu alikuwa msusi wa mikeka, lakini ujanani alishona kofia, na macho yalipopungua vidole vilikuwa bado vinakumbuka. Yeye ndiye aliyevuka njia na kumwambia mjane: tuanze kofia. Kwanza walitaka kujua kama inafaa, maana mwenye eda hajipambi, na palikuwa na majirani waliokwisha kuanza kuguna kwamba kudarizi ni mapambo. Bibi alinituma kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwalimu alinisikiliza, akaendelea kula mihogo yake, akasema: "Eda imemfunga asijipambe na asitoketoke. Haikumfunga sindano. Na hiyo kofia si ya kuvaa yeye." Nikarudi na jibu hilo nikikimbia. Jirani mmoja aliyekuwapo akaona amekosa hoja ya dini, akaihamia nyingine: "Haya, uzi mweusi kwenye bafta nyeupe! Nyeusi na nyeupe, ataivaa nani? Kunguru?" Jina la kunguru lilidumu wiki nzima, kisha likazidiwa na jingine baya zaidi, ambalo nitalifikia.

Kofia za vito mnazozijua, nyeupe juu ya nyeupe, zina huruma kwa anayeanza. Unachora ua kwa penseli, unashona, ukimaliza jani hili unavusha uzi kwa nyuma hadi jani la pili, na hakuna atakayejua. Mjane alianza vivyo hivyo kwa uzi wake mweusi, na kipande cha kwanza kilipokamilika kilionekana kizuri kikiwa kimelala mkekani. Bibi alikinyanyua, akakielekeza dirishani, na sote watatu, mimi nikiwa nimekaa kizingitini nje, tukaona. Kila uzi uliovushwa kwa nyuma ulionekana kupitia bafta kama mishipa kwenye mkono wa mtu mzee. Maua yalikuwa yamefungwa kamba.

"Nyeupe inasitiri," bibi alisema. "Nyeusi haisitiri kitu, mwanangu."

"Basi tufanyeje, bibi? Uzi mwingine sina."

"Tushone nyuma kama tunavyoshona mbele."

Kusema ni rahisi. Walikaa siku nyingi juu ya vipande vya kujaribia, wakifumua na kurudia, na mimi nikiwa sina kazi nikawa mtazamaji wao wa kizingitini. Waliacha maua ya kuchora, kwa sababu ua lina majani yaliyotengana. Wakachukua mistari, vidirisha na pembe za mkeka, vitu vinavyoshikana, ambavyo uzi unaweza kuvitembea vyote bila kuruka. Badala ya penseli walihesabu nyuzi za kitambaa chenyewe. Na mwendo wa sindano ukabadilika. Ulikwenda mstari mzima ukishona nafasi moja na kuacha nafasi moja, hata kitambaa kikaonekana kama kina nyayo za mtu anayechechemea. Ulipofika mwisho uligeuka, ukarudi njia ile ile, kwenye matundu yale yale, ukijaza kila nafasi uliyoiacha. Ukimaliza kurudi, mstari ni mmoja, na nyuma ni mstari ule ule. Fundo hawakuweka, kwa kuwa fundo litaonekana na litamkwaruza mvaaji kwenye paji. Waliacha mkia wa uzi mwanzoni, na mwisho wa kazi wakauchomeka chini ya mishono iliyo jirani. Mahali palipotakiwa weusi walikaza vidirisha, palipotakiwa kivuli walivilegeza, na kwa mbali kofia iliyoshonwa kwa uzi mmoja ilionekana kuwa na rangi tatu.

Hapo ndipo nilipoingizwa kazini. Kofia ya kwanza ilipokamilika, ikatiwa wanga na kukaushwa juu ya sufuria iliyofunikwa, mjane aliipitisha chini ya pazia. "Kaka, mimi sitoki," alisema, "basi kofia itoke na kichwa chako. Wewe ndiwe duka langu." Bibi yangu, ambaye aliniita mume wake kama mabibi wote wa pwani wanavyowaita wajukuu, aliiweka sawasawa na kurudi nyuma kuniangalia. "Mume wangu, leo ukichelewa kurudi nitajua umeoa mwingine." Nilikwenda nayo msikitini Ijumaa. Kabla ya khutba watu wawili walikwisha kuniuliza inashonwa wapi, na wote wawili walisema wanataka. Nilisali nikiwa na furaha isiyohusiana na sala, Mungu anisamehe.

Tulipotoka mvua ilikuwa imeanza, ile ya matone makubwa inayokupiga hata kabla ya kufika kwenye upenu wa paa. Nilisimama mlangoni nikivaa viatu. Nikasikia mtu anacheka, kisha mwingine, kisha mlango mzima. Maji meusi yalikuwa yanashuka kutoka kwenye kofia, yamepita kwenye paji, yamefika kwenye kola ya kanzu. Mmoja wa wale wawili, mtu wa mzaha, alipaza sauti: "Jamani, tazameni elimu! Wino umemjaa kichwani mpaka unamwagika!"

Ulikuwa mzaha mzuri. Ningecheka nao nikaenda zangu, ungeishia pale, na ungekuwa mzaha juu yangu. Lakini nilikuwa kijana wa sekondari na kanzu yangu imechafuka mbele ya watu. Nikaivua kofia, nikaishika juu kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya, nikasema kwa sauti kubwa kuliko yake: "Wino si wangu, ni wa mjane wa fundi. Kofia zake zinachuja!" Wakacheka zaidi, na safari hii hawakunicheka mimi. Kabla ya alasiri jina lilikuwa limekwisha kuzunguka mji: kofia za wino. Wale wawili waliozitaka hawakuzitaja tena.

Nyumbani bibi alinitazama kanzu, kisha uso. "Kofia uliinyamazia, au uliisemea mbele za watu?"

"Niliisemea."

Hakuniita mume wake siku ile. Kutoka nyuma ya pazia lake, ng'ambo ya njia, mjane aliuliza, "Uliyasema wapi?"

"Mlangoni pa msikiti."

"Basi," alisema. "Ilete kofia."

Hilo lilikuwa neno lake lote. Nililichukua kuwa ni msamaha, kwa sababu nilitaka liwe msamaha. Alichokifanya yeye ni kuanza upya. Bibi alikumbuka kwamba ukindu wa mikeka nao, ukitiwa rangi na kuachwa hivyo hivyo, humchafua kila anayelala juu yake, na dawa yake ni kuuchemsha na kuusuuza mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Wakakunjua vibiringo vyote vya marehemu, sanduku zima, wakafanya mashada, wakayachemsha kwa chumvi na ndimu. Kazi ya kuteka maji nilipewa mimi, na sikuwahi kujua kwamba kisima chetu kiko mbali kiasi kile. Maji ya mwanzo yalitoka meusi kama ya pweza. Yaliyofuata yakawa ya kijivu. Walimwaga, wakachemsha tena, wakamwaga. Mjane hakukubali kusimama maji yalipokuwa karibu safi. Alitaka yawe safi. Kisha kofia ile ya kwanza akaifumua mshono kwa mshono na kuishona yote upya. Nilisikia sindano yake ikitoboa bafta nikiwa nimejilaza barazani, na sikujua nitazame wapi.

Eda ilipokwisha, akaoga, akavaa, akatoka na kuketi kwenye baraza yetu kama mtu yeyote. Shemeji alifika asubuhi ile ile, kama alivyoahidi, na vumbi la Kinango miguuni. Alitoa salamu zake kwa utulivu, akamshika bibi mkono, "Shikamoo," akapewa marahaba na kahawa. Kisha akauliza swali lake bila kulibadilisha.

"Shemeji, hapa kwako utakula nini?"

Mjane alimpa kofia. Mpya, nyeusi na nyeupe, imesimama kwa wanga. Yule mtu aliipokea jinsi anavyopokea mnyama mnadani. Aliivuta kando, akaibonyeza juu, akainusa. Kisha akaigeuza kutazama ndani, ambako ndiko aibu ya kila kofia inakokaa. Akaigeuza tena. Akaigeuza mara nyingine, akakunja uso.

"Ndani ndio wapi?"

"Vaa upande utakao, shemeji."

"Mh." Aliiweka juu ya goti. "Huko kwetu tumesikia habari za kofia za wino." Nilitamani baraza ipasuke inimeze. Jina lililozaliwa na neno langu lilikuwa limefika Kinango kabla ya kofia yenyewe. "Nileteeni maji."

Bibi mwenyewe aliinuka na kumletea kata ya kifuu iliyojaa maji. Sisi tulidhani anataka kunywa. Yule mtu, ambaye maji alikuwa akiyapima kwa macho tangu utotoni, ambaye alituambia kwao hawayachezei, aliitandaza kofia juu ya paja la kanzu yake nyeupe na kuimiminia kata nzima, polepole, mpaka tone la mwisho. Mjane alikuwa ameshika ukingo wa mkeka kwa mikono miwili na nilimwona anatazama ile kanzu, haitazami kofia. Maji yalilowesha kitambaa, yakaenea pajani, yakadondoka sakafuni. Yalikuwa maji tu. Shemeji aliinua kofia, akatazama kanzu yake, akaikamua kofia kwa ngumi moja, na tone lililotoka lilikuwa safi kama lililoingia.

Aliivaa vile vile imelowa, wanga umelegea, imemkaa vibaya kichwani. "Haya," alimwambia. "Nitakuja Idd kuwasalimu." Akamaliza kahawa yake, akaaga. Mjane alingoja mpaka amepinda kona, ndipo akafunika uso kwa kanga, na bibi akamshika mabega, na mimi nikaenda kuteka maji ambayo hakuna aliyeniagiza.

Ni yule yule shemeji aliyempatia wateja wa kwanza. Wanunuzi wa ng'ombe wa Kinango na Samburu walizipenda, kwani vumbi la barabara halikuonekana upesi, na mtu akichafua upande mmoja safarini aliigeuza na kuingia nayo mjini. Kutoka huko zilirudi pwani vichwani mwa watu, zikafika Diani, zikafika mpaka Kibuyuni. Alinunua cherehani, lakini ilikuwa ya kuungia duara na pembeni tu. Nakshi aliendelea kuzishona kwa mkono. Wasichana waliokuja kujifunza aliwaanzisha kwa mstari mmoja tu, wa kwenda na kurudi, na walipomletea kazi hakutazama mbele kabisa. Aliigeuza kwanza. Mji uliokuwa wa mwisho kuzivaa ni Msambweni, mji wake mwenyewe, kwa kuwa ndiko jina la kofia za wino lilikozaliwa na ndiko lilikokaa. Kwa miaka mingi alipeleka kazi yake mbali na kupita nayo mbele ya milango ya majirani ambao hawakutaka kuigusa. Mimi nilipata ukarani wangu, nikahama, kisha nikapata kalamu hii ya gazeti. Nilimwambia mtu mmoja hapa na mwingine pale, kwa sauti ya chini, kwamba zile kofia zilikwisha kutengenezwa zamani. Kwa sauti ya chini.

Siku hizi kofia zinakuja katika makasha, zimedariziwa na mashine nchi za mbali, maua yao ni mazuri kuliko yetu. Ukizigeuza, ndani kuna msitu wa nyuzi zilizokatwa, au kitambaa kimebandikwa kufunika msitu huo. Siwalaumu wanaozinunua, hata wajukuu wangu wanazivaa. Lakini naona tumeuzoea ule ufundi wa kubandika kitambaa, na tumeuhamishia kwenye mambo mengine: shughuli za ofisi, ahadi za viongozi, nasaba tunazosimuliana harusini. Tunajenga hoteli mbele, na nyuma ya ukuta wake hatutaki mgeni apite. Nami siwezi kusimama juu ya minbari kulisema hili, maana nimeishi na kitambaa changu nimekibandika juu ya Ijumaa moja ya mvua.

Baada ya mazishi nililala Msambweni mpaka Ijumaa. Nilivaa kofia aliyonishonea baadaye, ambayo hata sasa sijui upande upi ni upi, nikaenda kusali msikiti ule ule. Tulipotoka nilisimama mlangoni. Niliinua sauti kadiri kifua changu kinavyoweza, nikasema kwamba mimi ndiye niliyeziita kofia za marehemu kuwa zinachuja, hapa hapa, na kwamba alizirekebisha kabla eda yake haijaisha, na hazikuchuja tena. Watu walisimama kwa adabu, kama wanavyosimama mbele ya mzee yeyote. Nilitafuta uso mmoja wa wale waliocheka siku ile. Hapakuwa na hata mmoja. Wote wamekwenda mbele ya haki. Kijana aliyekuwa karibu yangu, mwenye heshima zake, aliniinamia na kuuliza: "Kofia za wino ndizo zipi, babu?"

Nikamwambia hazipo, hazikuwapo kamwe, akanisaidia kuvaa viatu. Sasa nalijua lile "basi" la marehemu lilikuwa na maana gani. Hakuwa amenisamehe wala kunikatalia. Aliniuliza mahali, nikamtajia mahali, na kwa mtu aliyeshona kama yeye hapakuwa na la kuongeza. Neno langu lilikuwa limekwenda mstari mzima na kuacha nafasi njiani, na njia ya kurudi nilikuwa naijua, ilikuwa mlango ule ule na watu wale wale. Nilipaswa kurudi kuzijaza wakati wangali wamesimama pale.